Mzee Onsongo Afungwa Mguu na Mke wa Mwanawe

Wenzangu, leo elimu yangu yote ya chuo kikuu haikufungua hata fundo moja.

Meneja Mzungu wa kiwanda chetu cha kahawa, hapa Mosocho, alitaka tuwe jamaa moja. Akaamuru tukimbie wawili wawili, mguu wa huyu umefungwa kwa wa yule.

Mzee Onsongo akafungwa na Kerubo, mke wa mwanawe.

Nyote mnajua: kwetu, kwa heshima, baba mkwe na mke wa mwanawe hawapeani hata mkono.

Mzee alitazama chini. Meneja akacheka. "Haya ndiyo tunayoyaondoa. Asiyekimbia asije kazini Jumatatu."

Nikapanda juu ya gunia, nikahutubia kuhusu heshima na utu wa Mwafrika. Meneja, ambaye Kiswahili cha vitabuni humpita, akapiga makofi.

Kerubo akainama, akafungua fundo mwenyewe.

"Msomi, shuka. Lete mguu wako."

Tulikimbia, tukawa wa mwisho. Kazi ya Kerubo imepona.

Mzee hakungoja mtu mwingine wa kufungwa naye. Aliweka kofia ya kazi juu ya lile gunia, akashika njia ya kwake, Manga.

Meneja anasema siku ilifana.

Nimechoka. Andikeni chini ya karatasi hii: kesho nikienda kwa Mzee, nimwambie nini?