Tathmini Iliyoandikwa Kabla ya Somo

Nalianya alikuwa na ujanja unaojulikana na kila mwanachuo wa ualimu: aliandika tathmini ya somo kabla ya kulifundisha. Chini ya kila andalio la somo palikuwa na mistari michache ya mwalimu kujipima, naye aliijaza asubuhi huku akinywa chai. "Somo lilifaulu. Wanafunzi walishiriki vyema." Angekuwa mkulima, angesherehekea mavuno mbegu zikiwa bado guniani.

Alilelewa Kitengela, ambako babake alihamia kutoka Bungoma ili kufanya kazi kiwandani. Mwaka wa 2003 chuo kilimpeleka mazoezini katika shule moja ya msingi upande wa Mashuuru. Alichotaka ni kupita tu, arudi kwao.

Siku hiyo alifundisha "Jamii Yangu" katika darasa la nne. Kila mtoto asimame, ataje jina la baba na la mama. Walitaja kwa kicheko hadi zamu ya Nasieku. Alisimama, akainamisha kichwa.

"Baba yako anaitwa nani?"

Nasieku aliiweka mikono nyuma.

"Basi utasimama hapo mpaka utaje."

Alisimama mpaka kengele ikalia. Darasa zima lilinyamaza, na Nalianya, kwa ubichi wake, akadhani hiyo ni nidhamu.

Kesho yake Nasieku hakuja shule, wala siku iliyofuata. Aliyekuja ni Madam Kavutha, mkufunzi kutoka chuoni. Alisoma andalio la "Jamii Yangu", kisha akakitazama kiti kitupu.

"Hii tathmini uliandika saa ngapi?"

Nalianya aliona haya, akasema ukweli.

"Andika ingine."

Akaandika: "Mwanafunzi mmoja alikataa kujibu." Kavutha akaikata kwa kalamu nyekundu.

"Hayo ni ya mtoto. Wewe ulifanya nini? Na huyo mtoto ulikuwa unajua nini juu yake?"

Hakujua lolote. Akaenda kwa Ezra Katoo, mwalimu wa darasa, mzaliwa wa pale.

"Baba yake tulizika mwezi jana," Katoo alisema. "Na sisi Wamaasai, mtu akienda, jina lake hatutaji tena. Wewe ulikuwa unamlazimisha amtaje mbele ya watu."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Moyo ulimuuma Nalianya, na safari hii haikuwa kwa ajili ya alama. Jumamosi Katoo akamsindikiza hadi bomani kwa kina Nasieku. Nasieku alikuwa ameketi nje akisafisha kibuyu cha maziwa. Alipomwona, alikiweka chini, akasimama, mikono nyuma, kichwa kimeinama, vilevile alivyosimama darasani.

"Kaa, Nasieku. Mimi ndiye nilikosa."

Hakukaa. Alimtazama mamake, aliyekuwa mlangoni.

"Takwenya, yeyo," Nalianya akamwamkia mama kwa Kimaasai alichofunzwa na Katoo njiani.

"Iko," mama akaitikia salamu.

Mama alimkaribisha kwa heshima, akamletea chai. Alisikiliza ombi lake lote la msamaha bila kumkatiza, kisha akauliza kwa upole, "Mwalimu, wewe utamaliza kazi hapa lini?"

"Shule zikifungwa, mwezi wa nane."

"Sawa. Zikifunguliwa mwezi wa tisa, huyu mtoto atarudi."

Nalianya alishukuru. Akainywa chai yote, maana kuiacha kungekuwa kosa jingine, na alipoinua macho kutoka kikombeni Nasieku alikuwa bado amesimama.