Salamu Zilizomkata Kodi Mzee Jaku

Kwa kuchora, Mzee Jaku hakuwa na mwenzake Unguja nzima. Anaebisha na achore komamanga mpaka nyuki atue juu ya ubao, kisha tuzungumze. Ulimi ndio uliomponza.

Mwaka wa sabini rangi zilikuwa hazionekani madukani. Jaku akichora mabango ya vinyozi na mikahawa ya Ng'ambo, na kila kopo akilinunua kwa mlango wa nyuma, kwa bei ya kuua. Ndipo afisi ya kodi ikamwita.

Jirani yake, Machano, akamtia moyo: "Rangi, brashi, mbao, vyote ulivyonunulia kazi wanaviondoa kwenye pato kabla hawajakukata. Kawalilie tu."

Jaku akavaa kanzu ya Ijumaa, akaenda Mji Mkongwe. Alijua wakimkata kwa pato zima, leseni haitolipika, na bila ya leseni hakuna kuchora.

Karani, kijana Muhiddin, akampokea kwa adabu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba."

"Kazi zinakwendaje?"

"Alhamdulillahi, nzuri."

"Rangi mnapata?"

"Kwa uwezo wa Mungu, tunapata."

"Hazikupi taabu?"

"Taabu ya nini, baba? Tunashukuru."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo kabisa."

Na mkewe, Mwanamwema, hajainuka kitandani tangu Idi. Lakini mtu aliyelelewa hamtapikii mwenzake matatizo hata kiti hakijapata joto. Jaku akingoja salamu ziishe ndipo aanze kulia. Kilio chenyewe kakipanga tangu njiani.

Muhiddin akafunika kalamu. "Basi mzee, tumemaliza."

"Tumemalizaje na hatujaanza? Zile zilikuwa salamu, mwanangu."

"Mie nshaandika. Mkubwa anataka maneno ya mwanzo; ya mwisho, anasema, kila mtu hulia."

Jaku akakatwa kwa pato zima, kama mtu anaechota rangi zake baharini. Leseni ikamshinda. Brashi akamuuzia seremala, naye akazifanya za kupakia gundi. Dawa za Mwanamwema zikakatika, Ramadhani haikumkuta.

Jaku akenda kubeba zege kwenye majumba mapya. Siku moja kinyozi akamfuata huko, bango lake limefutika nusu.

"Nichoree kwa siri, mzee. Nani atajua?"

Jaku akamwonesha vidole. Saruji imevila, havikunjiki tena. Kisha akajitwika karai lake, akapanda ngazi.