Sakafu ya Mama Manyanga

Mtaani walimwita Mama Manyanga, maana chumba chake hakikujua kutulia. Alilea watoto wa wanaokwenda kazini, na vichezeo alivitengeneza mwenyewe: chupa zenye punje za mahindi ndani, kopo la kupigia ngoma, vitambaa vya kujifichia uso. Majirani walimtania, "Mwenzetu kazi yako kucheza tu!" Kucheza! Kana kwamba mtoto anayelifukuzia kopo linalobingirika hajifunzi kupima umbali, kuanguka na kuinuka. Watu hawa kazi isiyotoa jasho hawaioni.

Mchezo wake mkubwa ulikuwa wa kuitana. Alikanyaga sakafu ya mbao kwa kishindo, puu! puu!, akatikisa manyanga, na watoto wakamkimbilia, wengine wakitambaa. Wa kwanza kufika siku zote alikuwa Bonge, mtoto wa fundi cherehani, mwaka mmoja na nusu, mashavu tele. Maneno yalikuwa bado, lakini nani angejali? "Huyu umeme!" mlezi alimsifia kila jioni, na mama mtu akaondoka kichwa juu.

Siku moja ubao ulichanika, mlezi akaogopa vibanzi, akatandika magodoro chumba kizima isipokuwa mlangoni. Akatikisa manyanga. Watoto wote wakageuka. Bonge, aliyekuwa amempa mgongo, aliendelea kukunja kitambaa chake. Akatikisa karibu na sikio lake. Akapiga kopo. Mtoto hakushtuka.

Miezi yote ile alikuwa akisifia nini? Miguu inayohisi mtikisiko wa mbao!

Jioni fundi alipofika, nyuzi zikiwa zimemganda kwenye sketi, mlezi hakuzunguka. "Mama Bonge, nadhani mtoto hasikii. Apelekwe hospitali."

"Hasikii? Si wewe uliyesema umeme?"

"Nilikosea, dada."

"Ulikosea! Mbona nikibamiza mlango nyumbani anageuka? Baba yake naye alichelewa kusema, na leo hatuna wa kumnyamazisha." Akamsimamisha mtoto pale mlangoni palipobaki mbao tupu, akakanyaga nyuma yake. Puu! Bonge akageuka, akacheka. "Haya, kiziwi yuko wapi? Sema tu umemchoka mwanangu!"

Mlezi angeweza kuyamaliza pale kwa kuomba radhi. Lakini alijua fundi akiondoka na jibu lile, mtoto atahamishiwa kwingine, na huko ataanza upya kusifiwa. Akampakata Bonge, miguu ikining'inia, uso akamwelekeza dirishani.

"Kanyaga tena."

Akakanyaga. Akakanyaga mpaka watoto wengine wakaanza kulia. Bonge alichezea kifungo cha blauzi ya mlezi.

"Bonge!" mama akaita. "Baba! Baba yangu!"

Akajibwaga kwenye godoro. "Kwa hiyo nyimbo zote ninazomwimbia..."

"Kesho usimwache hapa," mlezi alisema. "Nipitie naye, twende wote hospitali."

"Na hawa wengine?"

"Watabaki na mama zao. Wakinielewa sawa, wasiponielewa basi."

Fundi aliinuka. Alizunguka mbele ya mwanawe, akamnyooshea mikono, na Bonge alipouona uso wake ndipo akaruka kumfuata.