Wageni wakauliza kama tunalazimishwa kuomba, nikasema hapana

Wakuu, salamu. Masomo yangu ni kidogo, mtanivumilia. Lakini hii sikuambiwa na mtu, nilikuwa ndani.

Mimi ni fundi wa mbao, mzee wa 52, na sukari imenishika kitambo. Insulin nilikuwa napata bure kwa kliniki ya kanisa karibu na Kenyatta Market.

Dawa ilikuwa inanunuliwa na wazungu fulani wasio na mambo ya dini. Sharti yao ilikuwa moja: msaada ni wa kila mtu, no preaching.

Sasa Pasta Javan naye alikuwa na kadi zake. Ukikosa ibada ya Jumatano hugongewi muhuri. Bila muhuri, hakuna dawa.

(Ndio, namtaja. Aje anishtaki.)

Mama Saida, Muislamu wa Mombasa, naye alikuwa wa sukari, tulikuwa tunapanga foleni pamoja. Ibada alikuwa anakaa nyuma, kimya. Siku moja Pasta akamwambia asimame aimbe. Akakataa. Hiyo siku hakugongewa.

Wiki hiyo hiyo wageni wakaja, hao wazungu wa dawa, kukagua kliniki.

Beatrice, msimamizi kutoka ofisi ya hao wazungu hapa Nairobi, Lavington, akaamuru kadi zote zikusanywe wageni wasizione. Mimi ndiye nilizitia kwa katoni, nikaisukuma chini ya jukwaa la kanisa nililojenga na mikono yangu.

Mama Saida akawekwa mbele kabisa, sababu ya hijabu, wageni waione.

"Leo wewe ndio bibi harusi," Beatrice akamtania.

Mgeni akaniuliza kitu. Beatrice akatafsiri: "Fundi, anauliza kama mnalazimishwa kuomba."

Mama Saida akaniangalia. Katoni ilikuwa karibu na kiatu yangu.

Nikafikiria sindano yangu ya kesho.

"Hapana, madam. Hapa kila mtu ako huru."

"Haya, fundi," Mama Saida akasema polepole. Hayo tu.

Kadi zilibaki huko chini, lakini Pasta alikuwa anakumbuka nani hakugongewa. Kesho yake mimi nilipata dawa. Yeye akarudishwa mlangoni. Ya kununua hakuweza. Hakumaliza mwezi, wakuu.

Baada ya mazishi binti yake alinifuata kwa workshop. "Mjomba, mama alisema wewe unajua kadi ziko wapi."

Nilirudi nikaitoa hiyo katoni. Iko hapa chini ya kitanda. Kadi ya Mama Saida iko juu, na ile Jumatano yake haina kitu.

Somo ni kwa nyinyi mnaotuma msaada: msituulize ukweli mbele ya mtu ameshika dawa yetu.

Natafuta mtu wa kuniandikia hao wazungu barua kwa Kizungu safi. Jina langu liwe la kwanza kwa wakosaji, Javan na Beatrice wafuate.

Nani atanisaidia? Na matusi pia leteni, nitasoma yote.