Kula ya Mkono

Siku yangu ya kwanza kazini, Katibu wa klabu alinipokea langoni mwa uwanja, akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Ndalu, upande wa Bungoma.

"Sema goli," akasema.

"Gori."

"Tena."

"Gori."

"Basi utaanza na betri."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi ya utangazaji wa uwanjani. Nyinyi vijana mnaofuata mpira kwenye simu hamkuviona vyombo vyetu: kipaza sauti, amplifaya ya kukuza sauti, honi za bati juu ya nguzo, na betri ya gari ya kuendesha vyote hivyo. Kipaza hakielekezwi kwenye honi. Ukikosea, sauti hujirudia ndani ya mtambo ukapiga yowe mpaka ng'ombe wa jirani wanakata kamba. Mtangazaji alitaja wachezaji, akamtaja mfungaji, akawatafutia wazazi watoto waliopotea, na maneno ya wakubwa akayarudia kama yalivyo.

Klabu yenyewe, Magunia, ilianzishwa na wapagazi wa maghala ya mahindi ya Kitale. Mchana walibeba magunia, jioni walikimbizana na mpira nyuma ya maghala. Uwanja waliusawazisha wenyewe kwa majembe. Viti vya jukwaani vilikuwa magunia yaliyojazwa makapi, na mvua ikinyesha uliinuka na suruali imelowa. Timu za Bungoma zilituita Suruali Mbichi, nasi jina hilo tulilipenda.

Nilibeba betri misimu miwili huku Katibu, mwalimu mstaafu, akininyoosha ulimi. "Lala, lima, lilia," ananiambia, nami narudia nikifunga nyaya. Mwishowe nikapewa kipaza. Msimu mmoja niliazimwa Bungoma kutangaza mechi za huko, na kila nikisema goli walidhani naringa. "Huyu ameenda Kitale juzi tu," nilimsikia mmoja, "ati sasa ashakuwa mtu wa Mombasa."

Niliporudi nilimkuta Mwenyekiti mpya, mfanyabiashara wa Kibabii, kulekule kwetu Bungoma, mtu mpole wa kusalimia kila mtu. Alikuwa na mpango uwanja utolewe, pajengwe maduka. Kanuni za klabu zilidai kura ya wanachama. Lakini wakiitwa na wasifike nusu, yaani akidi isipotimia, kamati iliruhusiwa kuamua peke yake. Na wanachama wetu hawakuwa watu wa mikutano. Ukitaja kura mwisho wa mechi, lango linakuwa jembamba. Mwenyekiti alilijua hilo. Alichohitaji ni kusikika akiwaita, kisha waende zao.

Kwa hiyo baada ya mechi moja alikuja mezani kwangu. "Leta hiyo kitu. Leo nitatangaza mwenyewe."

Nikampa kipaza. Akasema polepole, "Wanachama wote mbaki. Kuna kula."

Waliofika langoni wakageuka. Wengine wakawapigia mbinja wenzao waliokuwa tayari barabarani. Jukwaa likajaa kuliko wakati wa mechi yenyewe, na Mwenyekiti akabaki ameshika kipaza haelewi amefanya nini. Mzee mmoja mpagazi, miongoni mwa wale walioshika majembe, akasimama.

"Mwenyekiti, sufuria ziko wapi?"

"Sufuria ya nini? Nimesema kula."

"Si ndiyo. Tumebaki tukule."

"Si kula ya mdomo, bana. Kula ya mkono."

"Hata sisi tunakulanga na mkono."

Watu walicheka mpaka wengine wakashuka kwenye magunia. Katibu hakucheka. Alitazama jukwaa zima, akatangaza kwamba akidi imetimia, akaisoma hoja. Mtu aliyeahidiwa nyama akapewa hoja hana huruma. Mikono iliyoikubali ilikuwa ya kamati tu. Uwanja ukabaki wetu, na jioni ile nilikuwa na furaha ambayo kazi ile haikunipa tena.

Mwenyekiti huyo aliondoka baada ya miaka michache. Aliyemfuata alikuwa na ulimi safi, na makosa ya mwenzake alikuwa ameyasoma vizuri. Safari hii fahali alichinjwa asubuhi. Pilau ikapikwa nyuma ya jukwaa, harufu ikazunguka uwanja kipindi chote cha pili. Akaniagiza nitangaze kwamba kuna kura na kuna chakula. Nikatangaza, na kila herufi ikatoka mahali pake. Katibu angekuwa hai angenisifu.

Wanachama walikula kwanza. Kisha mikono ikainuka, mingine bado inang'aa mafuta, na uwanja ukaenda. Mimi nilikuwa mwajiriwa, sikuwa na kura. Yule mzee mpagazi niliyekuwa nikimtazama hakuinua wake, na sahani yake haikuguswa.

Honi ziliposhushwa nami nikastaafu, maana mtangazaji asiye na uwanja ni mtu anayepiga kelele tu. Siku hizi nalima Saboti. Klabu bado ipo, inacheza viwanja vya kuazima, na wachezaji wake wanadhani Magunia ni jina la mtu. Watu huniuliza kama nina uchungu. Ninao, ila si wa kila siku. Wale waliokula niliwalaumu kwa miaka mingi, na nilipokutana nao sokoni nilisalimia kwa kichwa tu.

Juzi nilikwenda Kitale kununua mbegu, mvua ikanikimbizia ndani ya hoteli katika mojawapo ya yale maduka yaliyojengwa uwanjani. Nikikadiria kutoka ukuta wa ghala, meza niliyokalia ilikuwa ndani ya eneo la penalti. Mama mwenye hoteli, mtu wa kwetu Bungoma kwa lafudhi, alipangusa meza akaniletea maji ya kunawa.

"Karibu kura, mzee."

Nikamwambia kura ya hapa ilishapigwa. Hakunielewa, akaniuliza kama ugali nautaka kwa kuku au kwa mboga. Nikanawa mkono. Nilikuwa na njaa, na kuku alikuwa mtamu, nikamaliza sahani yote. Jumamosi iliyofuata nilikutana sokoni na mmoja wa wale waliokula, nikampa mkono.