Farasi, Ngombe na Kikwembe ya Mama

Huku kwetu Kolwezi, zile motokari mbili za mbio za kutoka Italia hakuna mutu anaziita na jina yake ya kweli. Jina iko murefu, ulimi unachoka. Batu banaangalia nyama yenye balichora ku pua yake. Moja iko na farasi, ingine iko na ngombe dume. Basi tunasema Farasi, tunasema Ngombe, inaisha. Hata bamama benye kuuza makala kando ya barabara banajua. Sauti ikipita nyuma ya nyumba, moja anasema, "Hiyo Ngombe." Mwenzake anakatala: "Hapana, dada, Ngombe inakohoa kwanza, kisha inalia."

Mi sikuwaza siku moja nitaambiwa nichague kati ya zile nyama mbili. Masomo yangu ilikomea pale nilijua kusoma majina ya miji ku bibao bya barabara, na ile ilinitosha, juu nilikuwa shofere ya kamyo. Nilibeba mihogo, nilibeba saruji, nilibeba shaba. Siku moja nilibeba maiti pamoja na bafiwa bake juu ya mifuko ya mahindi, na bale bafiwa balikuwa banaimba muzuri sana, lakini ile ni habari ingine. Kisha nikapata kamyo yangu mwenyewe, na kwa neema ya Mungu ile kamyo ikazaa zingine. Leo batoto bangu njo banaangalia ile kazi. Mi ninakaa mu parselle, ndani ya geti yetu, na bibi yangu, ninasikiliza moteri zikiingia na kutoka.

Bibi yangu ametembea na mi mu kabini tangu ujana wetu. Alipanda na mimba, alipanda na mutoto ku mugongo, alipanda na sufuria. Kabini ya kamyo iko juu, unapanda kama mutu anapanda ku paa, na yee alikuwa anapanda mbio kunipita. Kuna masika moja tulikwama mu matope upande wa Bukama. Mvua inapiga, mutoto analia, kuku za mutu zimefunguka zinatembea ku miguu yetu. Nikamwambia: "Mama, siku moja nitakutembeza mu motokari ya batu babili tu. Hakuna mufuko, hakuna abiria, hakuna kuku. Mi na we."

Akanijibu: "Kwanza toa hii mu matope."

Lakini hakuisahau, na mi sikuisahau. Kila mwaka ile neno ilikuwa inarudi mu nyumba, saa ingine kwa kicheko, saa ingine kwa hasira. Sasa magoti yake yamechoka. Asubuhi anakaa ku kitanda anayasugua na mafuta kabla ya kusimama, na kuna siku ya kutembea na kuna siku ya kukaa. Nikaona: kama haiko sasa, haitakuwa tena.

Njo pale jirani yetu alikuja. Ni kijana mwenye kununua madini, anakaa ngambo ya barabara. Wakati cobalt ilikuwa juu, alinunua Farasi, kisha akanunua na Ngombe, juu kijana kama huyu hajui kuchagua, anajua kuongeza. Bei ya cobalt ikashuka. Akaja, akakaa ku kiti, akakunywa maji, akasema: "Tata, ninataka kuuza moja. Chagua we. Ile utaacha, mi nitabakia nayo."

"Na we mwenyewe roho inataka gani?"

"Tata, usiniulize. Ni kama kuniuliza mutoto gani ninapenda."

Akaniachia ufunguo za yote mbili mpaka siku ya Mungu, jumapili. Zikalala mu parselle yangu, kati ya kamyo mbili zenye kungoja mipira ya magurudumu. Moja nyekundu, moja ya rangi ya ndimu. Batu ba mutaa balikuja kuangalia kama banakuja kuona mugeni ya kutoka mbali.

Wa kwanza kufika alikuwa rafiki yangu, muzee mwenzangu ya barabara. Yee ni Mwislamu, batu ba kwao balitoka Kasongo na biashara yabo, na mi na yee tumesukumana mu matope mara nyingi kuliko tumekula pamoja. Kama shofere ya zamani, kitu cha kwanza alifanya ni kufungua Ngombe ku pua ili aone moteri. Akakuta shimo ya kuweka mufuko mudogo, basi. Akaruka nyuma.

"Bwana we! Balikuibia moteri!"

"Iko nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Nyuma ya kiti."

Akazunguka, akaangalia, akatikisa kichwa. "Hii nyama inabeba roho ku matako."

Tukacheka mpaka bibi yangu akatoka mu jikoni kuuliza nani amekufa.

Nikaziendesha yote mbili ku njia ya Nzilo, pale lami iko nzuri na kamyo haziko nyingi. Nitasema ile niliona, juu batu benye kuongea hizi motokari bengi ni batu ba kuangalia tu, habajakaa ndani. Kitu cha kwanza, unakaa chini. Mi maisha yangu yote niliangalia batu kutoka juu, niliona vichwa, niliona mizigo ku vichwa. Mu hizi motokari unaona magoti ya batu. Kamyo ya kutoka Fungurume ilinipita, nikaona mupira wake unazunguka sawasawa na sikio yangu, nikasema kumbe njo hivi tunaonekana.

Farasi iko na moteri mbele, mu pua murefu kama mutumbwi. Unaigusa kidogo, inaenda. Inaimba, tena haipige kelele: inaanza chini kama mwanaume mu kwaya, inapanda, inapanda, mpaka nywele ya mwili inasimama. Inakusikiliza mikono. Ngombe iko ingine. Ngombe inakupigia ku shingo. Ukiiwasha, unajua kuna kitu nyuma yako chenye hakikupende wala hakikuchukie, kinataka kutoka tu. Milango yake haifunguke kama mulango, inaruka juu kama mabawa ya panzi. Nilirudi na Ngombe ninacheka peke yangu kama mutu alikunywa.

Tena kuna dodani. Dodani, bale benye kujua kifaransa banasema maana yake ni mugongo ya punda: ile milima midogo batu banamwaga mu barabara ili motokari zipunguze mbio. Huku kwetu kila mutu mwenye mufuko ya saruji anaweka yake mbele ya nyumba. Ngombe iko na kifungo: unafinya, inainua pua, inapita kama bibi harusi anainua nguo. Kifungo ya Farasi ilikuwa imekufa. Farasi lazima uipitishe upande-upande, pole, kama kaa, na bado inasugua tumbo, na ile sauti inakuingia mu meno. Bale bijana ba wewa, benye kubeba batu ku pikipiki, balisimama kuniangalia.

"Papa, shuka uibebe!"

"Papa, hata punda anakushinda!"

Basi mi nilikuwa nimechagua. Ngombe. Roho ilisema Ngombe, dodani zilisema Ngombe, rafiki yangu alisema Ngombe, juu, alisema, farasi ni nyama hatujamuona hapa na macho, utaamini je kitu chenye hujui kinakula nini? Nikaenda kumwambia bibi yangu. Alikuwa anachambua matembele. Hakuuliza mbio yake, hakuuliza rangi. Aliuliza: "Mi nitaingia na nini?"

"Na miguu."

"Ninakuuliza nguo. Ku misa ninaendaka na kikwembe. Sitavaa suruali kwa ajili ya motokari yako."

Mi, na miaka yangu yote ya barabara, sikuwa nimewaza kikwembe. Kikwembe inafungwa kiunoni inashuka mpaka ku kifundo. Mwanamuke mwenye kuvaa kikwembe hawezi kupanua miguu, na ile kiti iko karibu na udongo. Na pale mbele ya kanisa, mbele ya bamama bote ba kwaya, mama muzima atatoka namna gani?

Akaenda kuvaa ile kikwembe ya siku ya Mungu, na blauzi yake, na kitambaa ku kichwa. Tukafunga geti. Rafiki yangu akageuka akaangalia ukuta ya parselle, kwa heshima.

Ku Ngombe kuingia ilikuwa rahisi: alijiachia, akaanguka ndani kama mufuko. Kutoka njo ilikuwa kazi. Ule mulango umeenda juu mbinguni, hakuna kitu cha kushika. Kando ya kiti kuna ukuta mupana, lazima upitishe muguu moja kwanza, halafu ingine. Akapitisha moja. Kikwembe ikafunguka mpaka ku paja. Akairudisha. Akajaribu tena, goti ikakatala. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili alicheka kidogo. Kisha akabakia amekaa mule ndani, mikono juu ya kikwembe, anaangalia mbele.

"Tata," akasema, "hii uendeshe na rafiki yako."

Hakusema na hasira. Ile njo iliniumiza. Alisema kama mutu amesoma kibao ya njia, anajua sasa njia inaishia pale.

Nikamtoa, mi na rafiki yangu, mwenye aliendelea kuangalia ukuta na kuvuta na mukono moja. Nikamuomba ajaribu Farasi. Hakutaka. Nikamuomba tena. Farasi iko chini vilevile, nisidanganye, lakini mulango wake unafunguka kando, na kiti hakina ukuta. Akakaa. Halafu akafanya kitu sikumufundisha. Akageuka ku kiti na matako, miguu yote mbili pamoja, akaiweka inje ku udongo sawasawa, kikwembe imetulia. Ni vile bamama banakaa ku kinga, ile baiskeli, nyuma, upande moja. Alijifunza kwao, upande wa kaskazini, kabla mi sijamujua. Mi niliendesha kamyo, baba yake njo alimubebaka ku kinga.

Lakini kusimama ilimushinda. Akanyoosha mikono.

"Sasa vuta."

Nikavuta. Akasimama.

"Utakuwa unazunguka kila siku kunivuta?"

"Nitazunguka."

"Hata mbele ya batu?"

Mi na yee hatujashikana mikono mbele ya batu hata siku moja. Kwetu mwanaume anatembea mbele, bibi anafuata, na kama banapendana, ile ni habari ya ndani ya nyumba. Nikasema: "Hata mbele ya batu."

Rafiki yangu akaongea na ukuta: "Kwa hiyo unachagua motokari na magoti ya mutu?"

"Na ya kwako ingechaguliwa na nini?"

"Na sikio," akasema. "Kama batu bote."

Nimewaza sana ile jibu. Ya kweli, mutu ya kuangalia anachagua na sikio na macho, na hakosi. Mi pia, ningekuwa ninasimama kando ya barabara, ningesema Ngombe mpaka nife. Lakini mwenye kitu anachagua na bitu bingine: dodani ya mbele ya nyumba, kikwembe, nani atakaa kando. Jirani alikuja, nikamulipa bei ya Farasi, akachukua Ngombe yake. Asubuhi akiiwasha, mi ninaacha kikombe ku meza ninasikiliza mpaka inapotea upande wa Kingamyambo. Sitasema roho yangu imepoa. Haijapoa. Bibi yangu anajua, ananiangalia tu, anasema, "Kunywa chai."

Ile siku ya Mungu ya kwanza tulitoka mapema. Nilipita dodani zote upande-upande, tumbo ya Farasi inasugua, na kila mara bibi yangu alikuwa anasema "Pole" kwa motokari, hapana kwa mi. Mbele ya kanisa batu balikuwa bamejaa. Nikazima moteri. Ghafula nilisikia haya kama kijana. Nikatoka, nikazunguka ile pua yote, na ile pua iko murefu, ninakuambia. Nikafungua mulango. Akageuka, akaweka miguu yake pamoja ku udongo, akapanga kikwembe, akanipa mikono.

Nikavuta. Bega yangu ikalia. Akakuja juu mbio kuliko tuliwaza, akanigonga ku kifua, nikarudi nyuma hatua, na tukabakia tumeshikana pale, mbele ya parokia muzima. Mama moja wa kwaya akapiga kigelegele. Bengine bakamufuata, kama ku ndoa.

Nilitaka kuachia mikono. Bibi yangu akaikaza.

"Usiachie kwanza," akaniambia ku sikio. "Goti haijaamka."

Nikashika. Kengele ikalia, batu bakaanza kuingia, banatupita banacheka, na sisi tukabakia tumesimama pale inje tunangojea goti.