Nimeshapewa Changu

Kaka yangu hakuondolewa kwenye urefa kwa sababu ya penalti. Nasema hivi mapema kwa kuwa pale Nyaishozi bado kuna wanaume wazima wanaokaa kwenye benchi la fundi baiskeli na kuichambua ile penalti kana kwamba walikuwa ndani ya boksi, wakati wengine wao siku hiyo walikuwa kilabuni wanakunywa rubisi. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimeshika kibendera upande wa migomba, na nilimwona beki akimkumbatia mshambuliaji kiunoni kama wanataka kufunga ndoa. Ilikuwa penalti halali, mtu yeyote mwenye macho angeitoa. Kilichomwondoa kaka yangu ni simu yake.

Nieleze kwanza mimi na kibendera tulikutana wapi. Mimi ni fundi cherehani. Kaka ni mwalimu wa shule ya msingi, na mwisho wa wiki alikuwa refa. Mwaka mmoja alikosa mshika kibendera, akanikuta kibarazani nashona sare za kwaya, akaniambia, "Wewe una macho, na watu wanakuogopa. Njoo." Nikaenda. Mama mkwe wangu, Mlutheri wa benchi la mbele, aliponiona nimevaa bukta alishika kifua, akauliza kama mwanawe ameshindwa kuninunulia sketi. Siku hizi ameshazoea. Ananiuliza matokeo kabla hata sijavua viatu.

Kaka alikuwa refa mzuri, na nasema hivyo bila kumpendelea, maana kwa mambo mengine ni mtu wa kuchosha. Alianza utotoni na kipenga cha bua la mpapai, akituamua sisi wadogo zake hata tukigombania ndizi za kuchoma. Hakupokea kitu cha timu, hata soda. Mechi ikiisha alikunywa maji yake aliyokuja nayo kwenye chupa. Jina lake lilikuwa limeshapelekwa kwa ajili ya kozi ya kupanda daraja kule Bukoba, na akifaulu angechezesha mechi ambazo watu huzitazama kwenye televisheni. Kila alfajiri alikuwa barabara ya Rugu anakimbia, huku wachunga ng'ombe wakimuuliza anakimbizwa na nani. Hakuna kitu alichowahi kukitaka kama kozi ile. Hata harusi yake hakuisubiri kwa hamu ya namna hiyo, na mkewe anajua.

Ugonjwa wake ulikuwa status. Akipika chai, status. Ng'ombe wa jirani akizaa, status. Msibani, jeneza halijashushwa, kaka ameshaliweka kaburi na maneno "Dunia mapito". Vile vipande vya duara vinavyoizunguka picha ya mtu simuni vilikuwa vingi mpaka vikawa kama mshono wa cherehani yangu, tena ule wa karibu karibu wa kushonea pindo. Mama yetu aliwahi kumuuliza, "Mwanangu, kuna kitu umewahi kukifanya peke yako?" Kaka akacheka, halafu akayaweka maneno ya mama kwenye status.

Basi ikaja fainali ya kombe la mtaani. Mfugaji mmoja alikuwa ametoa dume la ng'ombe liwe zawadi. Vijana wa Nyaishozi, wenyeji, walikutana na timu ya watumishi kutoka Rubwera, watu wa ofisini waliotoka pembe zote za nchi, jezi zao zimepigwa pasi. Dume lenyewe lilifungwa nyuma ya goli, linakula majani, wala halina habari litaondoka na nani.

Kwetu sisi Wanyambo mgeni hapokelewi mikono mitupu. Kabla ya maji, kabla ya habari za watoto, anapewa akamwani, kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na majani ya kunukia, zikaanikwa na maganda yake mpaka zikawa nyeusi. Unatiliwa chache kiganjani, unazitupia mdomoni, mazungumzo yanaanza. Refa akija uwanjani kwenu ni mgeni kama wageni wengine, na kuzikataa ni kumwambia mwenyeji kwamba unaogopa atakuroga. Kwa hiyo bibi mmoja wa pale akatupitishia kikapu chake kidogo sisi waamuzi, akawapitishia na makocha wa timu zote mbili. Wa Rubwera walikataa kwa adabu, nadhani walifikiri ni dawa ya tumbo.

Kaka alifungua kiganja, kahawa zikiwa humo, akakipiga picha, goli likionekana kwa nyuma. Akaandika: "Nimeshapewa changu. Mpira uanze."

Niliyasoma maneno hayo pale pale na sikuona ubaya wowote. Mnyambo gani angeuona? Ndivyo mgeni anavyosema kwetu akishatafuna: nimeshapewa changu, sasa tuongee. Kaka akazima simu, akaitia kwenye begi, akaenda kuchezesha mechi safi kuliko zote nilizowahi kumwona akichezesha.

Nyaishozi walishinda kwa penalti ile, mpira ukielekea kuisha. Dume likaondoka na vijana wetu, likiimbiwa. Nahodha wa watumishi alikuwa kijana wa Pwani aliyehamishiwa Rubwera majuzi tu. Alikuwa na namba ya kaka, kwa sababu kaka amegawa namba yake kwa binadamu wote. Njiani kurudi, amejaa hasira na vumbi, akafungua status. Akaona kiganja, akaona vitu vyeusi asivyovijua, akaona "Nimeshapewa changu". Kwao, na kusema kweli kwa Watanzania wengi tu, refa aliyepewa chake kabla ya mechi amepewa kitu kimoja. Akaipiga picha ya skrini. Jumapili watu wanatoka kanisani, picha iko kwenye kila grupu, kuanzia la waamuzi mpaka la wakulima wa maharage, na mtu ameshaichora mshale mwekundu.

Kaka angenyamaza, yangepita. Kaka na kunyamaza wapi na wapi! Akaweka nyingine: "Wenye wivu wajinyonge." Nyingine: "Penalti ni penalti." Nyingine ameshika Biblia. Nikampigia. "Kaka, nakuomba, zima hilo dude."

"Natetea jina langu, mdogo wangu."

Nikamwambia jina lake lilikuwa salama mpaka alipoanza kulitetea. Akakata simu, na baada ya muda mfupi nikaona ameweka status kuhusu ndugu wasio na msaada.

Kamati ya waamuzi ikamwita mjini Kayanga, na mimi nikaitwa kueleza nilichoona. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa kwetu, mwenye sauti ya kuwapanga watoto kwenye mstari asubuhi. Kando yake alikaa bwana mmoja mwenye miwani aliyetumwa na wakubwa wa mpira, mgeni kabisa wa mkoa huu. Kaka alikuwa amevaa suti yake ya Krismasi. Na mimi, ambaye njia nzima nilikuwa nimemsema, nikamhurumia, nikamnyoosha kola.

Kabla kikao hakijaanza, mama wa usafi akaingia na sahani ya kahawa ya kutafuna. Ndiyo hiyo hiyo. Wajumbe wakachukua bila hata kutazama, mkono ukaenda wenyewe. Mwenyekiti akamsogezea bwana wa miwani sahani, akamwambia, "Karibu, mheshimiwa. Hiki ndicho alichopewa huyu mwalimu."

Bwana yule akatafuna. Uso wake ukakunjamana kama wa mtoto aliyepewa mwarobaini. "Yaani hii ndiyo rushwa?"

"Ndiyo hiyo."

"Basi mlikuwa mnamwadhibu, siyo kumhonga."

Chumba kizima kikacheka. Mimi nikaulizwa, nikaeleza kwamba kahawa ilipitishwa kwa timu zote mbili na kwamba penalti ilikuwa halali. Mwenyekiti akasema kaka atapewa onyo la mdomo, jina lake litabaki kwenye kozi, na asionekane mtandaoni mpaka atakaporudi kutoka Bukoba. Kisha akatuambia tusubiri nje wakati wao wanaandika. Kutoka pale nilihisi mwili mwepesi. Nilivuka barabara kuagiza chai na chapati za watu wawili, na nikamwambia mama muuza chai, ambaye hakuniuliza lolote, kwamba kaka yangu anakwenda Bukoba.

Niliporudi nilimkuta ameegemea ukuta, anatabasamu na simu. Tabasamu lile nalijua tangu enzi za bua la mpapai.

"Umefanya nini?"

"Kautani kadogo tu."

Akanionyesha. Alikuwa ameipiga picha kwa siri, simu ikichungulia ukingoni mwa meza, tukiwa ndani bado: sahani ya kahawa, mikono ya wajumbe ikichota, na mwenyekiti, shavu moja limevimba. Maneno yalisema: "Kamati nayo imeshapewa yake. Haki itendeke."

"Futa."

"Subiri kwanza wacheke kidogo."

Nilimpokonya. Sikumwomba tena, nilimpokonya, nikafuta. Lakini kabla haijafutika niliwaona walioitazama, na wa juu kabisa alikuwa katibu wa kamati, mtu aliyekuwa upande wa pili wa ukuta tulioegemea. Dirisha lilikuwa wazi. Tulisikia simu moja ikilia mle ndani, halafu nyingine. Mtu mmoja akacheka kwa nguvu. Halafu akaacha kucheka.

Walituita. Bwana wa miwani alikuwa ameivua, anaifuta na tai, hatutazami. Mwenyekiti ndiye aliyesema, na hakupandisha sauti. "Mwalimu, kwa kahawa tulikuwa na la kukutetea. Kwa hili tukutetee na nini? Huyu mheshimiwa anarudi kwa wakubwa wake, na picha imeshamtangulia."

"Mzee wangu, nisamehe, ulikuwa utani."

"Hata wa kwanza ulikuwa utani, mwanangu."

Kaka akaondolewa kwenye orodha ya waamuzi, moja kwa moja, na jina lake kwenye kozi likaondolewa pia. Wakamwomba akabidhi beji. Alikuwa nayo mfukoni. Alikuja nayo akidhani wataitaka waione.

Chai tuliikuta imepoa na tukainywa hivyo hivyo. Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kurudi mle ndani nikawaulize wale wazee waliokuwa bado wanatafuna, ni lipi katika yale maneno lilikuwa uongo. Maana walikuwa wamepewa yao, jamani. Kaka hakusema uongo hata mara moja, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: refa aliyekataa soda miaka yote ameondoka kama mla rushwa, kisa hakuweza kutafuna kimya. Nilifika nyumbani nikakaa kwenye cherehani, nikalia juu ya sketi ya mteja, ikabidi niifue.

Sasa kipenga ninacho mimi. Nilifanya mtihani, nikafaulu, na mama mkwe akawatangazia kwaya nzima. Kaka anakuja kila mechi yangu. Anasimama nje ya kamba na watazamaji, anasema offside kabla ya mshika kibendera, na siku zote anakuwa sahihi.

Juzi tulikuwa Rugu. Bibi mwenyeji akaja na kikapu chake, akatutilia waamuzi, akawatilia makocha, akapita kando ya kamba. Kaka, kwa mazoea, akanyoosha kiganja.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwalimu." Bibi akamshika ule mkono wazi, akaukunja vidole taratibu, akacheka naye kwa upendo kabisa. "Wewe siku hizi ni wa nyumbani. Hizi ni za wageni."

Akaenda zake. Kaka alibaki ameshika ngumi yake tupu. Mkono mwingine ukaingia mfukoni, ukatoa simu nusu, ukairudisha. Mimi zangu nilikuwa nimeshazitia mdomoni. Nilitazama saa, nikatazama makipa wote wawili, nikapuliza kipenga, mpira ukaanza.